Plagi Nilizokuchagulia

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu kabla ya neno lolote. Natumaini barua hii inakukuta mzima, unakula, na unalala kitandani, siyo kwenye kile kiti cha Mama. Shemeji hajambo? Watoto je? Mimi huku niko imara. Dada, mwenye bahati kama yangu hajazaliwa mwingine. Betri ya lori ilinilipukia usoni, watu wakakimbia kutafuta machela, mimi huyo nikainuka najipangusa, sikupoteza hata kope. Daktari mwenyewe alinishangaa. Tajiri wa gereji akaona mtu wa namna hii si wa kulala chini ya magari, akanipa kiti. Sasa nakaa, naangalia, naamuru. Usishangae kalamu nene na herufi kubwa, ndivyo sisi wakubwa tunavyoandika.

Hapa gereji naitwa Profesa. Shule nilitoka mapema, unajua, mwalimu na mimi tulichokana siku moja. Lakini nipe plagi zilizotumika, zile zinazowasha moto ndani ya injini, nitakwambia gari linaendeshwa na nani na ana haraka gani. Plagi ikiwa na rangi ya biskuti, injini ina afya. Ikiwa nyeusi kwa masizi, haipati joto la kutosha, kwa hiyo unaweka plagi ya moto, ile inayokaa na joto lake mpaka masizi yaungue. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini inaungua, unaweka ya baridi, ile inayolitoa joto upesi. Wauza spea watakuimbia bei na madini ya thamani na nguvu za ajabu. Anayenunua plagi ya ghali isiyofaa injini yake ni kama amevaa suti kwenda kulima. Kazi yote iko kwenye rangi.

Ndiyo maana uliponitumia zile plagi nne za gari la Mama, umezifunga kila moja kwenye kitambaa chake na kuandika namba ya silinda, nilijiona mtu. Ulisema gari linakosa nguvu kwenye ule mlima wa hospitali, na Mama, na pumzi zake zile, anaogopa kuliko anavyosema. Nilikupigia simu siku ile ile. Nikakwambia ni nyeusi zote, zimejaa masizi, kanunue za moto, zinazozidi hizi joto kwa hatua mbili, gari litapanda kama linasukumwa. Ukacheka. Mama akakunyang'anya simu akasema leo ana mtoto wa maana, nikamjibu alikuwa naye siku zote, alichokosa ni gari bovu la kumwonyesha.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, lakini nayaandika kwa sababu kuna mwingine atayasoma. Siku Mama alipobanwa pumzi ukamkimbiza hospitali, gari lilikwenda vizuri hadi katikati ya mlima, likaanza kugonga kama mtu anayenyoosha bati kwa nyundo, kisha likazima. Pistoni ilikuwa imetoboka. Mama alikuwa kiti cha nyuma anatafuta hewa. Ulipungia magari mpaka sauti ikakukauka, na lilipokuja kusimama moja, Mama alikuwa ameshanyamaza.

Baada ya mazishi kaka mkubwa alituketisha sebuleni. Alisema fundi aliyefungua injini amemhakikishia kwamba kilichoiua ni plagi. Akakugeukia mbele ya wajomba na mama wadogo.

"Umenunua takataka ya bei rahisi," akasema. "Uchoyo wako ndio umemzika Mama."

Hukunitaja. Ulisema tu kwamba ulinunua ulichoona kinafaa. Mimi nilikuwa ubavuni mwako na miwani yangu myeusi, nikaomba maji ya kunywa. Nasikia tangu hapo amekunyang'anya ufunguo wa nyumba ya Mama, na wanawe wamekatazwa kukanyaga kwako.

Lakini kinachonitafuna ni lile uliloniambia jikoni siku ile, ukiosha vikombe. Muuza spea alikukatalia. Alisema injini ya aina ile haistahimili plagi za moto hivyo, akakuwekea nyingine mezani, na wewe ukamjibu, "Mdogo wangu ameziona kwa macho yake."

Niliporudi huku nilimpa zile plagi za zamani mwenzangu mmoja tunayemwita Bisibisi, maana ni mwembamba na anaingia kila mahali. Nikamwambia azisome, kana kwamba namtahini. Akazigeuzageuza, akauliza kama gari hili bado liko hai. Alisema ni nyeupe zote, kauri inayozunguka ncha imetoka malengelenge, na ncha zenyewe zimeanza kuyeyuka. Hapa ni plagi za baridi tu, akasema, tena zilichelewa. Nikamwambia amefaulu.

Kwa hiyo hukukosea, Dada. Ulinunua nilichokutuma. Ungemsikiliza muuza spea badala yangu, Mama angefika hospitali. Mpe kaka mkubwa barua hii aisome kwa sauti, mbele ya wale wale waliokuwepo sebuleni. Akitaka kunitukana, anajua ninapopatikana. Wewe akurudishie ufunguo, na akuombe radhi kwa mdomo ule ule.

Msalimie shemeji, mwambie aache kunenepa peke yake. Wabusu watoto, na wasisahau kwamba mjomba wao ndiye mzuri wa sura katika ukoo mzima.

Kaka atauliza Profesa aliwezaje kuona nyeusi penye nyeupe. Nilizipapasa kwa kidole. Zilikwaruza, nikasema ni masizi, nikaona haya kumwuliza mtu. Ile betri haikuniacha salama. Jicho la kulia limekufa, la kushoto linaona kila kitu kijivu, na kiti nilichopewa kiko mbele ya beseni la kuoshea vyuma, simwamuru mtu. Sina bahati yoyote, Dada. Nilikudanganya.

Mdogo wako.