Fimbo za Baba Kwenye Meza ya Pool

Nyarugusu Senta,
S.L.P. 17,
Geita.
6 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Eliya,

Habari za Newala? Wifi Loveness anaendeleaje na mgongo wake, na Magesa ameshaizoea shule mpya? Mimi ni mzima, ila vumbi la kiangazi linanikaba koo. Baba naye hajambo, kifua kimetulia tangu mvua ziishe.

Ningekupigia, lakini kwenye simu huwa unanikatiza kabla sijafika katikati. Karatasi haikatizwi, kwa hiyo kaa usome.

Ni lile suala la baba kuhamia kwako. Tulikubaliana sote watatu kwamba alete fimbo zake mpya za pool hapa kwenye banda langu, na wachezaji wakizikataa, afunge karakana ya Samuye aje Newala umtunze. Mimi na wewe tulikuwa na uhakika kwamba watazikataa. Yeye alikubali bila kubisha, jambo ambalo lilipaswa kututia wasiwasi.

Unazijua fimbo zake. Mninga mtupu, kipande kimoja kuanzia shikio hadi ncha, ngozi ya ng'ombe pa kushikia, na juu yake zile pete nyeusi anazochoma kwa chuma cha moto, kama alivyozoea kuzichoma kwenye fimbo za wachungaji. Vijana wa sasa wanakuja na fimbo za kiwandani, za kufungua vipande viwili na kutia mkobani, zimejaa michoro ya miale na mafuvu. Wengine hata kucheza hawajui, ila mkoba wanao.

Nikazitundika za baba ukutani. Hakuna aliyezigusa. Nilidhani ni uzito, au ule ugonjwa wao wa kupenda vinavyong'aa, hadi nilipomuuliza Fredy, kijana wa Nyahanga anayewafunga wote hapa. Akashusha sauti: "Dada Vumilia, zile chale kwenye fimbo zina nini ndani?"

Chale! Pete za baba wanaziona kama chanjo za mganga. Huku machimboni buti lina dawa, koleo lina dawa, sasa na fimbo ya pool nayo. Nilicheka, kisha nikaudhika.

Aliyevunja mwiko ni Bhoke, mama ntilie wa jirani, Mkurya asiyeogopa kitu. Alikuja kudai sahani zake, akachomoa fimbo moja ukutani kwa utani, akamfunga Fredy mbele ya watu wote. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kesho yake banda lilijaa. Sasa walizitaka zote, tena kwa kugombania, huku wakiniuliza mzee anachukua dawa wapi, na kama anaweza kumwongezea mtu pete moja ya kuwafumba macho wapinzani.

Fimbo zingeuzika, Eliya. Ila baba angegeuzwa mganga akiwa amekaa kwake Samuye, hana habari. Nikampigia nikamweleza yote. Akauliza gari la asubuhi linaondoka saa ngapi.

Alifika na chuma chake na fimbo moja ambayo haijachomwa. Jiko la mkaa akaazima kwa Bhoke. Vijana wakampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi mlangoni na kuanza kazi. Alichoma pete zake mbele ya macho yao bila haraka, na kila alipomaliza moja aliwapa fimbo waipapase. "Mmeona?" akawaambia. "Mti, moto na jicho langu. Anayetaka dawa aende kwa mganga. Mimi ni fundi."

Watu wakatawanyika, mmojammoja, kwa aibu. Walibaki Bhoke na Fredy. Bhoke alisema yeye anaitaka kwa sababu haichezi mkononi mwake. Fredy aliigeuzageuza sana, kisha akasema za kiwandani kila mtu anazo, hii hakuna aliye nayo. Akaomba achongewe yake, pete zipangwe kwa mfano wa alama ya ng'ombe wa babu yake. Baba akamsimamisha wima mlangoni akampima, maana fimbo ya kipande kimoja anaikata kwa kimo cha mwenyewe.

Wateja wawili tu. Kwa hiyo ukiniuliza kama wachezaji wa kisasa bado wanazipenda, jibu ni kwamba wengi hawazipendi. Lakini baba alipanda gari la kurudi anapiga mluzi, na mimi nilifurahi mno, ingawa nilikuwa upande wako. Wawili wametosha, haji Newala. Tafadhali usianze kumbembeleza kwenye simu.

Nisalimie wifi na Magesa, na mama mkubwa Sesilia ukipita Masasi. Shemeji yako Masalu anawasalimu, shangazi Paskalina pia. Mungu awape afya na awaepushe na kila shari.

Kuna agizo la baba. Ameanza kukuchongea na wewe fimbo, lakini amekwama kwenye kipimo, kwa sababu mara ya mwisho alipokupimia fimbo ulikuwa unamfika begani. Nilimwambia nitakuuliza kimo chako kwa simu. Amekataa. Anataka usimame mlangoni kwake.

Dada yako akupendaye daima,
Vumilia