Maziwa ya Posa Yaliyochemka Bila Moto

Shikamoo Mama Kornelia, mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Ijumaa, siku ya kurudisha fomu za kuchagua masomo ya kidato cha tatu, maana baba bado hajasaini yangu, na Jumapili walikuja wageni kumposa dada Violeth, msemaji wao mzee Tluway ana vidonda vya tumbo na hospitali wamemkataza vitu vichachu, lakini hapa Tumati huwezi kumnyima mgeni maziwa ya mgando, basi nikakumbuka mwalimu wa kemia alisema asidi ikikutana na besi tunapata chumvi na maji, nikatia vijiko vitatu vya magadi kwenye kibuyu chake, nikafunga, nikatikisa, nikampelekea kwa mikono miwili, kumbe alipogusa tu kizibo kikaruka na maziwa yakampanda mpaka kwenye kofia, akapiga kelele, "Yanachemka bila moto! Nyumba hii ina mkono wa mtu!" wakaondoka bila kutaja hata ng'ombe mmoja, sasa dada analia tu, na mimi sijamwambia mtu, maana nikikiri baba hatasaini kemia, na mimi nataka kupima damu kwenye maabara ya hospitali kule Haydom. Mama, nilikosea wapi? Mwalimu hakutaja povu.

Glory, Tumati

Marahaba, Glory. Ngoja kwanza nimalize kucheka.

Haya. Pole, lakini umejitakia. Mwalimu hakutaja povu kwa sababu hakukutuma kwenye kibuyu cha mkwe! Magadi ni kabonati, mwanangu. Ikikutana na asidi unapata chumvi, maji na hewa ya ukaa, na hewa ukiifungia kwenye kibuyu itatafuta mlango. Wewe ulibeba nusu ya somo ukaenda kumtibu nayo mzee wa watu. Mgonjwa wa tumbo mpe uji, basi.

Najua unaogopa, na nakuonea huruma. Lakini dada yako anaachwa kwa uchawi ambao haupo, na mchawi mwenyewe unamjua. Leo jioni msalimie baba, piga magoti, sema yote. Kesho mfuatane kwa mzee Tluway na ndimu, magadi na glasi. Glasi iwe wazi, tafadhali! Changanya povu litoke mbele ya macho yake, kisha umwombe radhi.

Fomu mpe baba baada ya hapo. Akisaini, soma kwa bidii. Asiposaini, mrudie kesho yake na mwalimu wako. Ila ukinyamaza, hata usainiwe fomu kumi, maabara haikufai: anayeficha majibu simtaki karibu na damu yangu.