Mkono wa Kushoto Haukushika Pasi

Jumanne, 1 Julai
Vidole vimegoma tena. Nimefungua kibanda hapa Maili Moja, Kibaha, nikakaa mbele ya cherehani nikishindwa hata kutia uzi kwenye sindano. Jua lilipopanda ndiyo vikaanza kulegea. Wateja wanadhani naringa.

Mume wangu, Baba Rukia, anasema ni uvivu wa kipupwe. Yeye anayesubiri chai kitandani.

Jumamosi, 5 Julai
Kila mtu amekuwa daktari. Muuza vitenge wa jirani, mama mkwe, hata yule wa chipsi. Wote neno moja: pasi na maji baridi. Eti napiga pasi ya mkaa, kisha nanawa maji ya baridi, mishipa inashtuka. Mama yangu naye kapiga simu kutoka Msimbu, kasema hivyohivyo. Kwa ukali, kama nimemvunjia kitu chake.

Basi nimetii. Nikishapiga pasi sigusi maji mpaka jioni. Nalala na soksi mikononi.

Kwetu shangazi ndiye anayeshona gauni la kumtolea mwali. Mwali ni Mwanaidi, binti wa kaka yangu. Anatolewa mwezi ujao. Gauni bado ni kitambaa.

Alhamisi, 10 Julai
Soksi hazijasaidia kitu. Pete imekataa kutoka hata kwa sabuni. Vifundo vya vidole vimevimba, laini, vina joto. Nimeweka mikono yote miwili mezani nikaitazama. Kulia na kushoto sawasawa, kama nimeikata kwa patani moja ya karatasi.

Sasa. Pasi naishika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto haujashika pasi tangu nijifunze kazi. Na miguu je? Nikishuka kitandani nakanyaga kama kuna kokoto chini ya vidole. Miguu nayo inapiga pasi?

Nimemweleza Baba Rukia. Kasema nina maneno mengi. Nimechukia, nikamwacha ajipakulie mwenyewe.

Jumapili, 13 Julai
Msimbu, kumpima Mwanaidi. Mama kaniita pembeni, na yeye anataka nimshonee la sherehe. Shingo pana, mpira kiunoni, kifungo hata kimoja asikione. Kila mwaka ombi hilohilo. Mimi fundi mzima nilidhani hapendi fasheni.

Mchana nikamtazama akila. Ugali kwa kijiko. Vidole vimelalia upande wa nje, mikono yote miwili.

Nikamuuliza vilianzaje. Akasema jembe. Nikamuuliza kama asubuhi vilikuwa vinakakamaa. Akajibu, "Mwanamke hatangazi mwili wake." Akafunika mikono kwa kanga.

Mama hajawahi kumiliki pasi. Yeye alisingiziwa jembe, mimi nikasingiziwa pasi, tukaambiwa tuvumilie. Na alijua. Alijua akaniacha nilale na soksi. Nimerudi Kibaha sijamuaga vizuri.

Jumatano, 30 Julai
Hospitali, mara ya pili. Daktari ni binti mdogo. Siku ile ya kwanza, wiki iliyopita, hakuniuliza habari za pasi. Aliuliza asubuhi vidole vinachukua muda gani kulegea. Kama ni viungo vidogo, pande zote mbili. Kama nachoka bila kazi. Kama kuna mwingine kwenye ukoo. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Akabonyeza vifundo nikatokwa na machozi. Damu, picha.

Leo majibu. Baridi yabisi. Kinga ya mwili wangu imegeuka, inashambulia viungo vyangu mwenyewe. Haiponi. Ila nimewahi, mifupa haijaliwa, na dawa zinaweza kuizuia nikimeza bila kukatiza na kurudi kupimwa damu. Vile vidonge vya maumivu nilivyokuwa nanunua dukani vilikuwa vinanituliza tu, ugonjwa unaendelea.

Nimewahi. Nimetoka na neno hilo mpaka getini. Nikamuwaza Mama, ambaye hakuna aliyemuwahi. Hasira ikarudi, na sasa sijui nimkasirikie nani.

Jumamosi, 9 Agosti
Mwanaidi katolewa. Gauni limempendeza. Nilikata mimi, kashona fundi wa jirani. Wanawake wakanipigia vigelegele, shangazi mtu, mikono ya dhahabu. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba Rukia kawaambia watu kwamba yeye ndiye aliyenihimiza niende hospitali. Sikubisha. Sina nguvu ya kugombana na mwongo.

Baadaye nikamfuata Mama jikoni. Nilimwambia ukweli, vidole vyake havitanyooka tena. Ila daktari anaweza kumpunguzia maumivu, angalau apate usingizi. Akachochea moto. Akasema atakuja.

Jumapili, 17 Agosti
Chai nimechemsha mwenyewe, Baba Rukia bado yuko kitandani. Mama yuko kwangu, kesho naye anaonwa na daktari.

Jana nilimaliza magauni mawili, kitambaa kimoja. Nilishona polepole, kila siku nikianza jua likishapanda. La Mama, lililochelewa sherehe, halina kifungo. Langu nimelitia vifungo kuanzia shingoni mpaka chini. Daktari alisema dawa huchelewa kuonyesha kazi yake. Gauni litaniambia.

Leo asubuhi nimelivaa, nikafunga vifungo, nikaishia cha tatu. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama. Hakusema jembe wala pasi. Akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi ilianza na vifungo."

Nikamsogezea kiti.