Ukungu Ndani ya Lenzi ya Marehemu

Kazija, mjini hapa hakuna mwanamke anayejua kutunza kamera kuliko mimi. Ndiyo maana ile ya marehemu mume wangu nikampa Mabrouk wa kaka yangu anitunzie. Haya, nicheke.

Nakuandikia nikiwa bado barazani kwake. Nimekuja kuichukua kwa harusi ya mjukuu wangu Kidawa kesho. Si unajua mama yake mgonjwa, yuko kisiwani Ngazija? Mama huyo atamwona mwanawe pichani tu.

Naielekeza lenzi kwenye mwanga, shoga, ukungu! Tena si juu, ndani! Nimeifuta kwa kanga, wapi! Ndani kwa ndani, kama jicho la mzee.

Na nilimwambia: ifute kwa kitambaa laini, iweke pakavu penye hewa, moshi usiikaribie. Akanijibu, "Shangazi, mimi fundi, usinifunze." Fundi! Labda fundi wa kuchana nywele zake.

Nikamuuliza imekuwaje. Kanikazia macho makavu: "Haijatoka kabatini. Ukungu huo wa tangu uhai wa marehemu."

Wa marehemu! Anamsingizia maiti, Kazija, asiyeweza kujibu!

"Haijatoka kabatini, Mabrouk?"

"Wallahi haijatoka, Shangazi."

Hajamaliza kuapa, mkewe Mwatum akapaza sauti kutoka ndani: "Mabrouk! Nshatia udi kwenye makaa ya chetezo. Unaileta ile kamera tuifukize tena, au leo nguo peke yake?"