Majina Thelathini na Moja

Los Baños, Laguna
4 Februari

Mare wangu Petang,

Barua hii ikukute mzima, wewe na wote wanaokula mezani kwako. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto linaloijua mvua kabla ya redio. Presha yako je? Usinidanganye kwamba umeacha samaki wa chumvi, nakujua.

Nianze na mtoto wetu, maana najua macho yako yameshairuka mistari yote kumtafuta. Tiko hajambo. Kule nilikomtafutia kazi wamempokea vizuri, anapima maji maabara, anakula, shingo imeanza kujaa. Hakuna anayemjua kama yule kijana aliyejaza chupa kwa maji mekundu chini ya mgodi wenu, akasimama mahakamani akasema yametoka wapi. Mahali alipo sipaandiki hata humu. Mimi mama yake wa ubatizo, na kwa hiyo kumare wako wewe uliyemzaa, nina akili zangu timamu.

Sasa cheka kidogo. Kuna mfuko mmoja huko Ulaya unaotoa fedha za utafiti kwa nchi kama zetu, na unatafuta wajumbe watatu huru wa bodi yake. Huru maana yake mtu asiyeajiriwa nao, asiyekula kwenye fedha hizo, asiye na wa kumbeba wala wa kumlipa fadhila. Tangazo nililetewa na mwanafunzi wangu wa zamani. Nilicheka, kisha sikulala vizuri. Miaka thelathini na nne nimejaza fomu za kuwaomba watu kama hao, Mare. Unakumbuka walivyokuja San Rogelio wakawatoa watoto damu, wakashukuru, wakapanda mashua, na majibu hayakurudi mpaka leo? Ningekuwa ndani ya chumba kile siku ile ningeuliza swali moja tu: nani atawarudishia hawa majibu?

Nimeomba. Nakitaka kiti hicho kwa moyo wote, na kwa umri wangu naona haya kama msichana.

Kumare wako,
Nida


San Rogelio
27 Februari

Mare Nida,

Nakusalimu sana. Barua yako Sista Benilda ameniletea juzi kutoka parokia, imekaa njiani wiki tatu kama kawaida. Afadhali ichelewe. Simu yangu iko kwa polisi tangu Oktoba, na ya kuazima naiogopa. Presha iko juu, samaki nimepunguza, nusu.

Wewe, mtu huru? Nimecheka mpaka mteja akaniuliza nimekunywa nini. Wewe usiyeweza kupita sokoni bila kukamatwa mkono na mtoto wa ubatizo! Kila harusi ya mwanafunzi wako umesimamia, kila mtoto wao umembeba mbele ya padri. Hao Wazungu hawajui wanaita nini. Lakini nimefurahi, Mare. Ulipolala kwangu miaka ile miwili ukichimba udongo, nilimwambia mume wangu, Mungu amlaze pema, kwamba huyu mwanamke siku moja atawafokea wakubwa. Nenda ukawafokee.

Sasa lisilo la kucheka. Pikipiki isiyo na namba imepita mbele ya duka mara nne wiki hii. Alhamisi ilisimama. Wanaume wawili wakanunua sigara, mmoja akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Nanay, mama yetu, yule mwanao fundi wa chupa atarudi kwa sikukuu ya mtakatifu wetu?" Nikamwambia yuko Saudia. Akatabasamu. "Saudia kubwa, Nanay." Wakaondoka bila kuchukua chenji.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Watu wa fomu wanauliza mengi. Usimtaje Tiko. Hata wakikuapisha, usimtaje.

Kumare wako,
Petang


Los Baños
10 Machi

Mare wangu,

Hujambo? Presha? Barua yako bado haijanifikia, nami siwezi kungoja.

Nimefanyiwa usaili! Kwa skrini, nimevaa blauzi ya maana juu na kaptura ya bustani chini. Walikuwa watano. Mmoja, mzee mwenye ndevu, akaniuliza nitabakije huru ilhali nchi yangu ni ndogo na wanasayansi wote tunajuana. Nikamwambia: kwa kusema wazi ninayemjua. Wakaandika wote watano kwa pamoja.

Kisha wakanitumia fomu ya kutangaza maslahi. "Taja ndugu na watu wote wa karibu wanaoweza kunufaika na fedha za mfuko, na mahali wanapofanya kazi." Wenzangu wa chuo wanasema hapo unaandika mume na watoto basi, na mimi sina mume wala mtoto. Lakini Mare, mtoto wa ubatizo kwetu si mtu wa karibu? Yupi kati yao akinijia na ombi naweza kumgeuzia kisogo? Ningeacha sehemu ile wazi ningewadanganya. Nilikaa tangu asubuhi hadi chakula cha mchana nikawaandika wote. Thelathini na moja. Jina, kazi, kituo. Nilitaka niwe mtu wa kwanza kutoka kwetu ambaye hakuna atakayemwonyesha kidole kwamba aliwabeba watu wake kimyakimya.

Na ndiyo, Tiko yumo. Kituo chake kinapata fedha za mfuko huohuo, na kazi nilimwombea mimi. Ningemruka yeye, orodha yote ingekuwa uongo. Usiogope, ni karatasi ya ofisi, huko inafungiwa kabatini.

Katibu wa bodi, Bibi Lindqvist, amesema hajawahi kupokea tamko refu kama langu. Nilifurahi sana.

Kumare wako,
Nida


Los Baños
22 Machi

Petang,

Ile yako ya Februari imefika asubuhi hii. Nimeisoma nimesimama, nilipofika mwisho nikakaa sakafuni jikoni.

Sikiliza nikueleze yote kwa mpangilio, maana kichwa changu hakitulii. Kiti wamenipa tarehe kumi na saba. Tarehe kumi na nane wametangaza wajumbe kwenye tovuti yao, na chini ya jina la kila mjumbe wakaweka tamko lake la maslahi. Zima. Ndiyo desturi yao, ili raia yeyote asome ajue nani anamjua nani. Ilikuwa imeandikwa kwenye maelezo ya fomu, ukurasa wa sita. Mimi niliyewafundisha watoto wa watu kusoma maelezo kabla ya kugusa chupa, sikuusoma.

Wenzangu wawili wa Ulaya wameandika mistari miwili kila mmoja. Mimi nimejaza kurasa.

Nimempigia Bibi Lindqvist, nikalia kwenye simu. Aliniuliza swali moja tu, kama kuna mtu yuko hatarini. Nikasema yupo. Ndani ya saa moja akayaondoa majina yote, na bado anatuma ujumbe kuniuliza hali. Si mtu mbaya. Lakini yamekaa hadharani siku nne. Jina lake kamili, Rustico Dumalagan, na kituo, na mji.

Nimepiga kituoni. Wanasema alitoka jana mchana na hajarudi. Hawajui zaidi, au hawataki kusema kwa simu.

Kesho nasafiri kwenda huko. Barua ya kujiuzulu nimeshaiandika, iko mezani. Nasubiri neno lako tu niitume. Sijui nikuombe msamaha kwa maneno gani. Wewe ulinipa mwanao nimshike mbele ya maji ya ubatizo, nami nimekwenda kumbandika ukutani.

Kumare wako,
Nida


San Rogelio
30 Machi

Mare,

Nimepata ile ya tarehe kumi. Ya usaili na blauzi.

Umemwandika? Na mahali? Niambie umenitania. Nimeisoma mara tatu nikitafuta unapocheka.

Sista anasubiri mlangoni. Niambie umeifuta.

Petang


Los Baños
9 Aprili

Mare wangu,

Natumaini umeshapata ile ya tarehe ishirini na mbili, hivyo unajua sikukutania.

Nimerudi kutoka kituoni. Nakuandikia nilichokiona na nilichoambiwa, siongezi kitu.

Tarehe ishirini na moja, baada ya chakula cha mchana, walifika wanaume wawili wenye mashati safi. Wakamwambia mpishi wa kituo kwamba wametumwa na mfuko kuhakiki mfanyakazi. Walikuwa na ukurasa uliochapwa, na juu kabisa jina langu. Mpishi, masikini, aliona jina la profesa akadhani ni heri. Akaenda kumwita Tiko maabara. "Wageni wako wa Ulaya wamefika!" Tiko akachungulia dirishani, akavua koti la maabara, akalitundika, akatoka kwa mlango wa nyuma unaoelekea mtoni. Begi limebaki. Simu imebaki. Wale wawili walikaa wakanywa kahawa nusu saa, wakashukuru wakaondoka.

Nimetembea ukingo wa mto ule siku tatu, goti na yote. Nimeuliza kila nyumba. Hakuna damu, Mare. Nimeangalia kila jiwe, hakuna damu.

Na si yeye peke yake sasa. Consorcia, mwanangu wa ubatizo anayefundisha Leyte, amepigiwa simu na mtu asiyemjua akimuuliza ananijua vipi. Kuna mwingine kaulizwa kama ana ndugu San Rogelio. Wanawapitia mmoja mmoja. Watu thelathini na mmoja waliniamini, nami niliwapanga kwa herufi ili wasomeke kwa urahisi.

Naogopa kila simu inapolia. Kikao cha kwanza cha bodi ni mwezi ujao. Sitakwenda. Nasubiri jibu lako kwanza, halafu naituma ile barua.

Kumare wako,
Nida


San Rogelio
28 Aprili

Nida,

Sikuulizi hali na wewe usiniulize.

Yu hai. Neno limenifikia, kupitia kwa nani sikuambii. Yuko wapi sijui, na nimekataa kuambiwa. Nisipojua hawana cha kunitoa. Usimtafute tena. Umetembea siku tatu ukitaja jina lake nyumba kwa nyumba, na kofia yako ile, ukidhani unamsaidia. Aliyetaka kukufuata alikuwa na kazi rahisi sana.

Wale wawili wa pikipiki walirudi dukani Jumatatu. Wakauweka ule ukurasa juu ya kaunta, wakaniomba niwasomee, eti miwani yao imeharibika. Nikasoma. Majina yote, sauti moja, kama tunavyosoma litania ya watakatifu. Hawakutazama karatasi, walinitazama uso. Nilipofika kwa mwanangu nilimsoma kama nilivyomsoma aliyemtangulia, nikaendelea. Nilipomaliza yule mwenye adabu akasema, "Nanay unasoma vizuri." Wakaenda. Mteja akanikuta nimekaa chini kwenye magunia ya mchele.

Nina hasira na wewe. Usidhani sina. Ulitaka wageni wakuone mkweli, na aliyelipa ni mwanangu. Lakini nimekujua miaka ishirini na nane, na najua ungejikata mkono kuliko kumdhuru, kwa hiyo hasira yangu haina pa kukaa, inanizunguka tu ndani ya nyumba.

Sasa nisikilize. Ile barua ya kujiuzulu ichome. Ukiondoka leo, kila mtu atauliza kwa nini, na wale wawili watajua kwamba kwako mwanangu si jina tu kati ya thelathini na moja, wakufuate wewe ili uwafikishe kwake. Kaa kwenye kiti chako. Vaa blauzi yako. Waulize swali lako la damu za watoto, na wasipokujibu waulize tena. Nataka angalau hilo litoke humo.

Ila mimi na wewe tumemaliza. Barua zako nimezitia kwenye jiko, nawe zitie zangu. Usiandike tena hapa, usimtume mtu, na nikifa usije kunizika, maana watakuwa wamesimama mlangoni kuangalia nani analia. Nimemwambia Sista hivyohivyo. Yeye kalia, mimi sikulia.

Mwaka kesho watakuletea fomu ile tena. Wakikuuliza watu wako wa karibu, ukifika kwetu andika kwamba San Rogelio huna mtu. Usiiandike huku mkono unatetemeka. Itakuwa kweli.

Perpetua Dumalagan