Sikio la Punda Wetu

Kathonzweni, Makueni
9 Februari 2025

Mpendwa kaka Musyimi,

Habari za Doha? Lile goti limepona, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi tuko salama. Mvua haikutunyima, na mama anapura ndengu mwenyewe ingawa tumemkataza.

Unakumbuka kitabu changu cha watoto, kile cha punda mwenye sikio lililopasuka kama la punda wetu wa kubeba maji? Mwezi wa kumi kampuni moja ya Nairobi ilinipigia simu. Walitaka kumweka kwenye mabegi ya shule, chupa za maji, hata soksi. Nilifurahi, sikufichi.

Begi la mfano lilipofika, punda alikuwa wa rangi ya waridi, ana kope ndefu na masikio mawili mazima. Nilipouliza, dada mmoja wa kampuni alinieleza kwa upole kwamba wazazi hawanunui kitu kinachoonekana kimeraruka.

Nikalipeleka darasani. Watoto wangu wa gredi ya pili wamekisoma kitabu hicho mpaka wamekikariri. Wote walilipenda begi, lakini hakuna aliyemtambua punda. Mbinya, binti wa jirani, aliniuliza kama huyo ni sungura.

Nilikaa na mkataba wao wiki mbili nikijiuliza: mtoto akipata begi, atakitafuta kitabu, au begi litamtosha? Mwishowe nikawaandikia kwamba nitatia sahihi wakilirudisha sikio lililopasuka. Hawajajibu mpaka leo, na iliniuma.

Sasa sikia. Jumanne nilienda Kasikeu kumwona Shangazi Kaveke. Sokoni nikakuta mabegi ya turubai, na kwenye kila moja punda wangu, sikio limepasuka vilevile. Nikamwuliza fundi aliyeyashona, anaitwa Kiilu, amemtoa wapi. Akanionyesha kitabu cha binti yake, kurasa zimelegea kwa kusomwa. Alisema yeye alitaka kulinyoosha lile sikio, binti akakataa kabisa.

Nilipomwambia kwamba mimi ndiye niliyekiandika, aliniuliza:

“Kumbe vitabu huandikwa na watu wa huku?”

Kisha akaona aibu, akaanza kuyashusha mabegi. Nilimzuia. Nilikuwa nimemwendea kwa hasira, kaka, sijui zilienda wapi. Tukakubaliana aendelee kushona, ila ndani ya kila begi aandike jina la kitabu na langu.

Tukiwa hapo binti akatoka shule. Anaitwa Nzisa. Baba yake alipomwambia mimi ni nani, hakushangaa. Aliniuliza tu punda alienda wapi alipokuta kisima kimekauka, maana kitabu kinaishia hapo.

Kesho yake nilinunua daftari jipya nikaanza kuiandika safari yake, na sasa niko ukurasa wa sita.

Msalimie sana wifi Yvonne, na umbusu Muthama mdogo. Mama na Shangazi Kaveke wanawaombea. Mungu awalinde mkienda kazini na mkirudi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima,
Ndila