Peleti za Kaka Gwamaka

Matema, Jumamosi, mwezi wa nne.

Mvua imeanza alfajiri, na hadi sasa, saa kumi na moja jioni, bado inanyunya juu ya bati la banda langu la kuchomea. Miguu inaniuma. Nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua, simu mkononi, naandika kabla furaha hii haijapoa.

Leo najivuna. Niacheni nijivune.

Mimi ni mpishi wa loji ndogo hapa ufukweni, mwaka wa kumi na moja huu. Kazi yangu kubwa ni kuchoma: kuku, ndizi, na mbasa, samaki wa ziwa letu. Miaka mingi nilichomea kwenye pipa lililokatwa katikati, mkaa chini, wavu juu, mimi nikipepea huku machozi yakinitoka. Mkaa nililetewa na kaka yangu, Gwamaka. Alikuwa akiuchoma mwenyewe kijijini kwake Ngana na kuuleta kwa baiskeli kila wiki, mvua au jua.

Mwaka juzi Mama Subi, mwenye loji, alinunua jiko la peleti kwa familia moja iliyokuwa inahama nchi. Ni kama pipa lenye mfuniko, na ubavuni lina sanduku la kumiminia peleti. Hizo ni vumbi la mbao lililoshindiliwa hadi likawa vipande vidogo, kama chakula cha kuku cha dukani. Unachagua joto unalotaka, umeme kidogo unazisukuma peleti motoni, feni inapuliza. Basi.

Nililichukia lile jiko. Niliona limekuja kunionyesha kwamba mikono yangu haina maana.

Baadaye nikalizoea, kisha nikalipenda. Gesi tunayo jikoni, ni ya haraka, lakini samaki wa gesi hana harufu. Mkaa una harufu, ila ukigeuka kumsalimia mtu, ngozi ya samaki imeshaungua na ndani bado mbichi. Peleti zinanipa vyote viwili, moshi mwembamba wa mti na moto usioyumba. Hata kikohozi changu cha miaka kimepungua. Loji ya jirani nayo ikanunua. Pale Kyela mjini kuna mchoma kuku aliyetengenezewa la kwake na fundi wa kuchomelea vyuma, na sasa foleni yake inafika barabarani. Wapishi wenzangu wanakuja kuniuliza, nami nawaonyesha. Mimi niliyelichukia!

Lakini mkaa tukaacha kununua.

Niliyemwambia kaka ni mimi. Ilikuwa mwezi wa kwanza, pale getini, baiskeli yake ikiwa imeelemewa na magunia. Nikamwambia, "Kaka, mkaa hatuhitaji tena. Nenda na wakati." Sikumkaribisha hata chai. Aliigeuza ile baiskeli taratibu, akaondoka. Pasaka hakuja. Nami sikwenda kwake, kwa sababu nilijua ningekuta nini usoni pake.

Leo tulikuwa na wageni thelathini wa mchana, ndugu wa bwana harusi kutoka Karonga, ng'ambo ya mpaka. Peleti zetu hutoka Mbeya, na gari lililokuwa linazileta lilikwama njiani jana kwa sababu ya mvua ya huko. Asubuhi nilifungua kiroba nikakuta zimebaki za kuchoma samaki watano, labda sita. Mkaa uliokuwa umesahaulika nyuma ya banda ulikuwa umelowa chapachapa, na wageni walikuwa wameagiza samaki wenye harufu ya moshi, si wa gesi.

Saa tatu nikasikia mtu anapiga hodi getini. Gwamaka. Amelowa hadi kwenye kope, gunia limefungwa nailoni nyuma ya baiskeli.

"Ugonile, Tumpe," akanisalimu kwa Kinyakyusa, kama vile tulionana jana.

Nikalitazama gunia. Nilidhani ameleta mkaa.

Akafungua gunia. Zilikuwa peleti. Nyeusinyeusi, nyingine ndefu, nyingine fupi, lakini ni peleti kabisa. Akanieleza kwamba alikuja hapa mwezi wa pili siku ambayo sikuwepo, akachukua konzi moja ya zile zetu akaondoka nazo mfukoni. Kijijini Busale kuna mzee mwenye mashine ya kushindilia chakula cha kuku. Kaka alimsumbua hadi akakubali. Akasaga matawi ya mikakao yanayokatwa mashambani na kutupwa, akachanganya na vumbi la mbao za mparachichi. Za kwanza zilivunjika kama biskuti. Za pili pia. Hakuhesabu ni mara ngapi, hadi wiki hii zikashika.

Mama Subi akaja na mwavuli wake. Akazitazama, akanitazama.

"Mama Neema," akaniambia kwa jina la binti yangu, "chakula cha wageni si cha kufanyia majaribio."

"Mama, zisipowaka, mimi na kaka yangu tutaondoka wote," nikasema. Sijui maneno hayo yalitoka wapi.

Nikamimina. Jiko likaunguruma, likatoa moshi mzito mweupe, kisha joto likaanza kushuka. Moyo wangu nao. Wageni walikuwa wameshafika, nasikia vigelegele barazani. Gwamaka akaingiza mkono kwenye sanduku, akasugua peleti kwa vidole kama nilivyomwona akikagua mkaa maisha yake yote.

"Hizi za juu zimepata unyevu njiani. Toa zote. Chukua za katikati ya gunia."

Tukazitoa zote kwa bakuli, tukaanza upya. Safari hii moshi ukawa mwembamba, wa bluu. Joto likapanda, likasimama pale nilipolitaka. Na ile harufu! Tamu kidogo, kavu, sijawahi kuipata kwenye zile za Mbeya. Nikapanga mbasa.

Majivu yalikuwa mengi kuliko kawaida, ilibidi nisafishe mara moja katikati. Naandika ukweli wote. Lakini samaki walitoka na ngozi ya dhahabu, na sahani zilirudi mifupa mitupu.

Baba wa bwana harusi akaja mwenyewe hadi bandani, anafuta vidole.

"Huu ni mti gani mmechomea?"

Nikamnyooshea kidole kaka.

"Mkakao, baba," Gwamaka akasema, amesimama wima na shati lake lililolowa. "Nimezitengeneza mimi."

Sijawahi kumwona kaka yangu akiwa mrefu namna ile.

Mama Subi alimwomba alete magunia mawili kila wiki. Gwamaka akajibu kwamba kwanza lazima apate mapipa yenye mifuniko ya kutunzia, maana hataki kuleta kitu kibovu. Akala samaki mzima, akanawa, akashukuru, "Ndaga fijo," akapanda baiskeli.

Mimi ndiye niliyepaswa kushukuru, na sikushukuru.

Nilimwambia aende na wakati, kumbe miezi yote ile mimi ndiye niliyekuwa nimesimama.

Kesho baada ya ibada nakwenda Ngana. Sitamzungumzia peleti. Nitabisha hodi, nitaketi, nitasema nisamehe, kisha nitangoja aseme anachotaka kusema.